Liboke la Pili la Hamisi

Sheria ya kivuko cha Kindu ilikuwa moja, na haikujali tumbo la mtu wala kilemba chake: gari likifika ukingoni, abiria wote washuke, dereva alipandishe peke yake. Ndiyo maana Hamisi, alasiri moja ya kiangazi mwaka 1956, alizunguka hadi mlango wa nyuma wa jipu, ukingo wa mashariki wa Lualaba, akagonga kioo kwa adabu.

"Baba Abedi, tumefika kivuko. Inaomba kushuka."

Bwana Abedi hakujibu. Alikuwa ameegemea kiti, macho yamefumba, kanzu yake nyeupe haina hata chembe ya vumbi, uso umetulia kama wa mtu aliyeshiba. Hamisi akafungua mlango na kumshika mkono. Alipouachia, mkono ulianguka. Wafanyakazi wa kivuko walisikia ukelele wakaja mbio, wakamkuta dereva amepiga magoti mchangani, anatapika.

Habari ilivuka mto kabla ya maiti. Abedi hakuwa mtu mdogo: alinunua mchele Kibombo na mafuta ya mawese Pangi, na alikuwa mmoja wa weusi wachache wa Kindu waliomiliki gari la petroli lenye bodi ya chuma, vioo pande zote na viti vya ngozi. Mtu wa namna hiyo hafi bure, watu walisema. Wengine walitaja uchawi. Walio wengi walitaja sumu, na wakishasema sumu wanageuza macho kuelekea nyumba ya mkewe, Halima.

Kesho yake asubuhi Komisera Jacques, mkubwa wa polisi, Mbelgiji mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, alifika kwa Halima. Nyuma yake alikuja askari wake, brigadia Musafiri. Huyu alikuwa mweusi pekee wa kituo kile aliyethubutu kumwambia komisera "ngoja kwanza", na kwa kuwa mara nyingi alikuwa sahihi, komisera alikuwa amezoea kungoja. Wakati wa vita Musafiri aliendesha gari la wagonjwa jeshini, na kutoka huko alirudi na mambo mawili: sikio la kusikiliza injini na tumbo lisilokataa chakula.

"Muke ya Abedi," alianza komisera, "majirani wanasema uligombana na bwana yako mbele ya safari."

"Njo kweli," alijibu Halima. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kaniki kichwani, macho makavu. "Alitaka kuoa bibi wa pili kule Kama. Nilimupigia kelele mpaka mbuzi wakakimbia."

"Na ulimupa chupa ya dawa."

"Asali na tangawizi, dawa ya kifua yake. Kila safari anabeba."

"Chupa iko hapa. Tutaipeleka kwa daktari."

"Onyesha kwanza kama ni ile."

Komisera akaitoa mfukoni. Halima akaipokea, akaing'oa kizibo, akaimiminia kinywani mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo kwa ncha ya kaniki.

"Sasa keti, Bwana Komisera," alisema. "Ungoje nife."

Komisera alibadilika rangi. Musafiri aligeukia ukutani akajifanya anakohoa, maana kicheko msibani ni aibu. Walikaa. Halima hakufa. Badala yake alikuja mjumbe kutoka hospitali na neno la daktari: hakuna sumu tumboni, lakini damu ya marehemu ni nyekundu mno, nyekundu kupita kiasi. Bwana Abedi ameuawa na moshi wa injini.

"Moshi?" aliuliza Halima, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Muntu anakufa na moshi hivi, bila kukohoa?"

"Ule moshi unaoua hauna harufu yake, na ya petroli pua imeizoea, mama," alisema Musafiri polepole. "Unamuimbia muntu usingizi."

Komisera alikuwa tayari amesimama. Kama ni moshi, basi ni gari. Na kama ni gari, ni dereva. Walipokwenda kulipekua jipu uani pa kituo, waliona jambo lililommaliza Hamisi. Nyuma ya viti vya mbele, sakafuni, palikuwa na tundu la mraba lililokatwa kwa patasi, limefunikwa kwa bati. Chini yake kabisa lilipita bomba la moshi.

"Nani alikata hii?"

"Miye, Bwana," alisema Hamisi. Askari walikuwa wameshamtia pingu, mabega yamelegea. "Baba Abedi aliomba. Hakupenda chakula ya baridi. Ninafunga kambale ndani ya majani, liboke, naiweka juu ya bomba pale inapowaka. Tukifika kwa mukahawa ya Mama Pélagie, nusu ya njia, iko imeiva. Ni mwaka wa tatu tunafanya vile."

Ukweli ni kwamba madereva wote wa Maniema walipika hivyo, ila wao waliweka samaki kwenye injini na kufunga kifuniko. Hamisi peke yake alifungua jiko ndani ya nyumba. Komisera hakutaka kusikia zaidi. Dereva ametoboa gari, moshi umeingia, bwana amekufa. Jumatatu meli inashuka Ponthierville, na Hamisi atashuka nayo kwenda korti kubwa.

"Na wewe ulipona juu ya nini?" aliuliza Musafiri.

"Dirisha yangu iko wazi siku zote, mukono nje. Baba alikuwa na pazia nyuma yangu, ya turubai, juu ya vumbi, isimuingie. Yeye anafunga vioo vyake vyote, anavuta pazia." Hamisi akaonyesha paji la uso kwa mikono yenye pingu. "Kichwa iliniuma, brigadia. Iliniuma tangu tulitoka kwa Mama Pélagie. Nilifikiri ni jua."

"Na kutoka Kama mpaka kwa Pélagie?"

"Hapana. Tuliimba, hata."

Musafiri alimwangalia komisera. "Ngoja kwanza, Bwana. Miaka mitatu tundu halikuua. Juu ya nini liue jana?"

"Uko na muda mpaka meli ya Jumatatu," alisema komisera, akaenda zake.

Mchana ule walimzika Abedi, na baadaye wanaume wakaketi uani kwa Halima mbele ya masinia ya wali. Huko matangani watu wanakula kwa sinia moja, mkono wa kulia, na asiyekula anatazamwa. Karibu na Musafiri aliketi Désiré, dereva wa kamio, lori la mizigo, rafiki wa marehemu tangu ujana. Alikuwa amebeba jeneza, amelia kuliko ndugu wa damu. Lakini hakugusa wali. Jua lilikuwa linaunguza, naye alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kiganjani.

"Ndugu, kula kidogo," alimwambia Musafiri.

"Moyo hautaki."

Nyuma yao mzee mmoja alinong'ona kwamba Désiré ana akili, hali chakula cha muke muuaji. Musafiri aliyasikia, akavuta sinia karibu, na kwa kuwa chakula cha bure hakikuwahi kumshinda, akala sehemu ya Désiré pia.

Kisha akarudi kwenye jipu. Safari hii alivua koti, akalala chali chini ya gari, akafuata bomba kwa mkono tangu injini mpaka mkiani. Bomba lilikuwa zima. Halikuwa na kutu ya kutoboka. Ila maungio yaliyokuwa chini kidogo ya tundu yalicheza. Mkanda wa chuma unaoyabana ulikuwa umelegezwa, na nati yake iling'aa pale ambapo spana ilikwangua matope. Mtikisiko wa barabara hulegeza nati, Musafiri alijua. Lakini mtikisiko hauna spana.

Akaingia ndani, akainua bati. Pembeni mwa tundu kulikuwa na alama ya mraba ya mpira uliokuwa ukiziba ukingo wa bati miaka yote mitatu. Mpira wenyewe haukuwepo. Na juu ya bomba, pale pale, lilikaa liboke. Hakuna aliyekumbuka kulitoa siku ile.

Alimwita Hamisi.

"Hii ni nini?"

"Liboke ya pili. Ya kwanza tulikula kwa Mama Pélagie. Hii niliiweka kwa kurudi, ya bibi yangu."

Musafiri alilifungua. Majani yalikuwa meusi ti, masizi yamepenya hadi kwenye nyama, na harufu ya petroli ikawatoa wote wawili nje ya gari.

"Na ile ya kwanza? Ilikuwa hivi?"

Hamisi, pingu mikononi, alikasirika kwa mara ya kwanza. "Brigadia! Ningemupa Baba Abedi chakula kama hii? Ile ya kwanza majani yalikuwa kijani bado. Uliza Mama Pélagie, alikula kichwa yake."

Musafiri alicheka kwa raha. Mpishi yeyote angeliona: liboke la kwanza lilikuwa safi, la pili jeusi. Bomba lilikuwa limebana kutoka Kama, na lililegea katikati ya njia, wakati jipu limesimama.

Jumamosi asubuhi alikaza maungio, akafungua vioo vyote na kulivusha jipu mwenyewe. Alikwenda taratibu, akipunguza mwendo kwenye kila kijiji, kwa maana aliwaona kuku na watoto kuwa ni wa barabara kabla ya magari. Kwa Mama Pélagie alifika kabla ya adhuhuri. Palikuwa na banda la makuti, meza mbili, kijito nyuma, na mwanamke mnene wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

"Ee, Mama Pélagie. Ile siku ya Abedi, samaki ulikula?"

"Kichwa, baba. Utamu! Ningejua ni ya mwisho, ningekula polepole."

"Ilinuka moshi?"

"Moshi ya nini? Ilinuka pilipili na ndimu."

"Na nyuma ya kula, walifanya nini?"

"Hamisi aliweka liboke ingine ndani ya mutuka. Kisha wote wawili walienda kwa kijito kutawadha, wakasali kule kwa kivuli. Wao wanasali, siye watu wa misioni tunabaki na kuku."

"Siye nani?"

"Miye na Désiré. Kamio yake ilikuwa pale." Alinyoosha kidole kwenye mti wa mwembe mchanga. "Ililala hapa tangu jana yake, alikuwa anangojea mizigo. Kuku wangu walikuwa wamelala chini yake na vifaranga, niliwafukuza na ufagio siku ile ile, anaondoka."

"Désiré alikuwa wapi wakati wa kusali?"

"Miye nilikuwa nyuma, naosha vyombo. Halafu Désiré alinifuata kule anaomba mafuta ya mawese. Aliungua mukono. Alisema ni maji ya radiateri, alifungua kifuniko." Akainama kuchochea moto. "Nilimupakaza mwenyewe. Désiré ni kama ndugu yangu. Mama yangu alipokufa, yeye alileta mbao za sanduku ya kumuzika."

Macho ya Musafiri yalikuwa kwenye mzigo wa kuni ukutani. Ulifungwa kwa kipande cha mpira mweusi kilichokatwa kutoka tyubu ya gurudumu, chenye pembe nne kama ile alama ya kwenye tundu la jipu.

"Hii uliitoa wapi, mama?"

"Niliokota pale chini, mutuka ya Abedi iliposimama. Nikasema, kamba nzuri."

"Mama yako alikufa na nini?"

"Kamio, baba. Wakati wa mvua, hapa hapa, anatoka shamba usiku. Haikusimama. Hatujajua mupaka leo ni ya nani." Alijifuta uso kwa mkono wenye majivu. "Baba Abedi njo aliniambia ile siku, tunakula: 'Jumatatu uje Kindu kwa Komisera. Aliyemuua mama yako atasema yeye mwenyewe, na asiposema, nitasema miye.' Nilimuomba jina. Akasema, 'Mupe muda, ni muntu anayejua haya.'"

"Désiré alisikia?"

"Si alikuwa anakula naye sinia moja?"

Na hapo Pélagie aliacha kuchochea moto. Alimwangalia Musafiri, kisha akaangalia pale kamio ilipolala, na Musafiri aliumia kwa ajili yake kwa sababu aliona kwamba ameshajua.

"Panda, mama," alisema. "Lete na hiyo kamba."

Jumapili ilikuwa siku ya hitima. Uani kwa Halima walikaa ndugu na majirani. Halima alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kama eda inavyotaka. Komisera alikuja, kwa kuwa Musafiri alimwomba, akapewa kiti. Hamisi aliletwa na pingu zake. Désiré aliketi mahali pake pa siku zote, vifungo vya mkono vimefungwa. Wali ukaja, na kambale juu yake.

Musafiri alisogeza sinia mbele ya Désiré.

"Leo utakula, ndugu. Ni hitima ya rafiki yako."

"Nimekuambia, moyo—"

"Moyo hauna mukono. Tonge moja tu. Ya kulia."

Désiré aliunyoosha mkono wa kulia, mvuke wa wali wa moto ukapenya chini ya shati, na mkono ukarudi wenyewe. Musafiri alimshika kiganja, akafungua kifungo, akakunja shati. Juu ya kifundo cha mkono kulikuwa na mstari wa kidonda, mnyoofu, mpana kama kidole gumba.

"Maji ya radiateri," alisema Désiré kabla hajaulizwa.

"Maji yanatapakaa," alisema Musafiri. "Hii imechorwa na chuma. Lakini tuseme ni maji. Kamio yako ililala kwa Mama Pélagie tangu jana yake. Kuku walikuwa chini yake na vifaranga. Injini iliyolala na kuku, Désiré, maji yake ni ya kuoga mutoto. Pale kitu ya moto ilikuwa moja tu: bomba ya jipu iliyofika sasa hivi kutoka Kama."

"Hata Hamisi—"

"Hamisi alikuwa anasali, bega kwa bega na marehemu. Na mikono yake ni mizima, tazama. Liboke ya kwanza iliiva safi; Mama Pélagie ni shahidi. Ya pili ni nyeusi. Bwana Komisera ameiona. Katikati ya zile mbili, muntu aliingiza mukono ndani ya tundu, akalegeza mukanda na spana, akang'oa mpira unaoziba, akautupa chini." Akaupokea mpira kwa Pélagie, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, akauweka juu ya mkeka. "Muntu aliyekula samaki ya lile tundu mara nyingi. Anayejua Abedi anavuta pazia, Hamisi anafungua dirisha."

Komisera aliinuka. "Lakini juu ya nini? Alikuwa rafiki yake."

"Muulize Mama Pélagie, Bwana."

Pélagie alikuja mpaka ukingo wa mkeka. Hakupiga kelele, yeye ambaye sauti yake ilizoeleka.

"Zile mbao, Désiré. Za sanduku ya mama. Ulileta juu ya nini?"

Désiré alimwangalia, na kilichokuwa kimemshikilia siku zote zile kikakatika.

"Mvua ilikuwa kali," alisema. "Nilikuwa nakimbia, sikumuona. Nilisikia tu. Abedi alikutana nami mbele, taa imevunjika, nalia. Nilimuambia yeye peke yake. Akasema, enda useme. Mwezi ukapita, akasema, enda useme. Hakunifokea hata siku moja. Alinipa muda, akanipa muda, mpaka nikamuchukia."

"Ungesimama," alisema Pélagie. "Mama alikaa hai mpaka jua likapanda. Ungesimama tu."

Polisi wawili walimwinua Désiré, na Musafiri mwenyewe akazifungua pingu za Hamisi na kuzifunga kwenye mikono mingine, juu kidogo ya kidonda. Komisera alimwambia Hamisi kwamba meli ya kesho haimhusu tena. Watu waliokuwa wamenong'ona juu ya Halima walianza kusifu wali wake kwa sauti kubwa.

Hamisi hakuondoka. Alikwenda akapiga goti mbele ya pazia la mlango.

"Mama Halima. Tundu nilikata miye. Na kichwa iliniuma njia nzima. Muntu wa mutuka akiumwa kichwa vile anasimama, anafungua milango, anatazama bomba yake. Miye niliendelea."

"Tundu aliomba yeye," alisema Halima nyuma ya pazia. "Tumbo yake ilikuwa kichwa-ngumu kama yeye. Ile ingine utaibeba, Hamisi, na miye nitakusaidia kubeba." Mkono wenye hina iliyofifia ukatokeza, umeshika ufunguo wa jipu. "Mama Pélagie iko mbali na kwake. Murudishe."

"Sitaki kugusa tena usukani, mama."

"Njo maana ninakupa wewe."

Alichukua ufunguo. Kwanza alikwenda kwa fundi, akaziba tundu kwa bamba la chuma na kuligonga ribiti pande zote. Akalala chini ya gari, akavuta kila ungio kwa mkono, akawasha injini na kuisikiliza akiwa amefumba macho. Akang'oa pazia la turubai akalitupa. Ndipo akalivusha jipu.

Ng'ambo barabara ilikuwa nyekundu na kavu. Pélagie aliketi nyuma, mahali pa Abedi, vioo vyote chini, na vumbi likamjaa magotini, kwenye nywele, kwenye kitenge chake kizuri cha kwendea mjini. Hamisi aliliona kwenye kioo, akapunguza mwendo.

"Mama, vumbi inakuharibia kitenge. Nifunge kioo?"

"Acha, mwanangu," alisema Pélagie. "Kitenge inafuliwa."